Mimba ya Mama Mkwe

Lucimara alizaliwa bila mji wa mimba. Aligundua akiwa na miaka kumi na sita, na alipofika ishirini na tisa, mke wa Wanderley, alikuwa amelizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea kovu. Mayai anayo, madaktari walimwambia, ila pa kumlelea mtoto hana. Kanuni za Brazili zilitaka ndugu wa mmoja wao ajitolee kubeba mimba iliyotungwa maabara kwa mbegu zao, bila malipo yoyote. Mama yake Lucimara alikuwa amefariki, dada hakuwa naye, na dada pekee wa Wanderley alikuwa mtawa.

Jumapili moja, wakiwa mezani, mama yake Wanderley, Dona Zenaide, aliweka kijiko chini akasema, "Basi nitabeba mimi."

Wanderley alipaliwa na wali. "Mama! Una miaka hamsini na moja!"

"Kwani nimekuuliza umri wangu? Wewe nilikubeba, kilo nne na nusu, na ng'ombe nilikamua mpaka siku ya mwisho. Kama ni kukataa, akatae daktari."

Lucimara alimtazama kama aliyemsikia vibaya. Kwa miaka minane yeye na mama mkwe wake walikuwa wameishi kwa heshima ya mbali. Lucimara aliendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, kazi ambayo Dona Zenaide aliiona si ya mwanamke aliyeolewa. Naye Lucimara hakuwahi kusahau siku ya harusi, alipoambiwa mbele ya watu kwamba gauni limemkaa kama pazia. Leo mwanamke huyohuyo anataka kumbebea mtoto!

Daktari hakukataa. Walimpima moyo, damu na sukari, wakamhoji mpaka akawauliza kama anaomba kazi ya upolisi. Wakampa vidonge vya kuuamsha mwili. Jaribio la kwanza halikushika. La pili likashika.

Mji wao wa milima ya Minas ni mdogo, na tumbo la mjane halifichiki. Neuza, muuza mikate, ndiye aliyethubutu kuuliza mbele ya foleni nzima.

"Dona Zenaide, mumeo tulimzika miaka sita iliyopita. Hilo tumbo limetoka wapi?"

"Limetoka maabara, Neuza. Unga wameukanda mwanangu na mkewe, mimi ni tanuri tu. Nipe mikate yangu sita, tanuri lina njaa."

Watu walicheka, na tangu siku ile maneno ya uchochoroni yalipungua. Lakini moyoni mwa Lucimara kitu kingine kilianza kumuuma, na aliona aibu kukisema. Mama mkwe alitapika, akavimba miguu, akasikia mtoto akicheza. Yeye alisimuliwa tu. Mimba ilipotimiza miezi mitano, majirani walimwandalia mtoto sherehe ya zawadi. Wote walimzunguka Dona Zenaide, wakampapasa tumbo. Lucimara alijikuta akipitisha sinia.

"Lucimara, mletee mama maji," alisema mmoja.

"Una bahati wewe," alidakia mwingine, "unapata mtoto bila kutapika hata siku moja!"

Alilitua sinia, akatoka nje, akajifungia ndani ya lori lake. Haikupita muda akasikia mlango wa pili ukigongwa.

"Fungua. Hili lori walilitengenezea twiga au?" Dona Zenaide alipanda akihema, akajitupa kitini. "Unalia."

"Hapana, Mama."

"Unalia. Haya, sema."

Lucimara alijifuta kwa kiganja. "Mtoto ni wangu, lakini hata sauti yangu haijui. Akizaliwa ataniona mgeni."

Mama mkwe alilitazama tumbo lake. Kisha akauliza, "Kesho unapitia wapi?"

"Mashamba ya mtoni. Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nipitie."

Daktari aliruhusu, mradi gari liende taratibu na lisimame mara kwa mara. Siku ya kwanza Lucimara aliendesha kimya, akiona haya kuzungumza na tumbo la mama mkwe.

"Ongea basi!" Dona Zenaide alifoka. "Amekuja kukusikiliza wewe. Mimi ananisikia mchana kutwa, amenichoka."

Ndipo alipoanza. Alimtajia mtoto majina ya mashamba, ng'ombe mkorofi wa kwa mfugaji Seu Abílio, mbwa anayeuma na yule anayebweka bure. Wafugaji walilalamika kwamba maziwa yanachelewa. Lucimara aliwajibu kwamba amebeba mzigo wa kuvunjika. Asubuhi moja, kwenye mteremko, Dona Zenaide alipiga kelele: "Simama!" Lori liliposimama, aliukamata mkono wa mkwewe akaubandika ubavuni. Mtoto alipiga teke, akatulia, akapiga tena. Lucimara hakuuondoa mkono mpaka trekta nyuma yao lilipoanza kupiga honi.

Siku hiyohiyo Dona Zenaide alimwambia jambo ambalo hata Wanderley hakulijua. Baada ya Wanderley alizaa wengine wawili, na wote hawakumaliza wiki.

"Hukuwahi kusema, Mama."

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa ukifika mbele ya shule, unapunguza mwendo, unawaangalia watoto. Nilikuona kutoka dirishani kwangu. Nikajua unavyojisikia."

Mimba ilipotimia, hospitali iliruhusu mtu mmoja tu kuingia chumba cha upasuaji.

"Ataingia mwanao?" nesi aliuliza.

"Aingie mama wa mtoto."

"Mama si wewe?"

"Mimi ni bibi yake. Soma karatasi, mwanangu."

Akatoka msichana, kilo tatu kasoro, akilia kwa hasira. Walimlaza kifuani kwa Lucimara. Alipomwita kwa jina walilomchagulia, Celina, mtoto alinyamaza, akageuza uso kuelekea sauti ile. Nesi alisema ni kawaida ya watoto wote. Dona Zenaide, akiwa bado amelala nyuma ya pazia la upasuaji, alimwambia nesi afunge mdomo.

Wiki ya tatu, Lucimara alimkuta mama mkwe ameketi peke yake barazani, macho mekundu.

"Mama, kidonda kinauma?"

"Kidonda kimepona. Ni tumbo tu, lilishazoea kuwa na mtu."

Lucimara aliingia ndani akamchukua mtoto. Alimweka Celina mikononi mwa bibi yake, akaketi ubavuni pake, mabega yakigusana. Mtoto alipiga miayo. Bibi alimnusa utosini kwa muda mrefu, kisha akajifuta pua kwa nepi.

"Masikio ya mwanangu haya," alisema. "Pole yake."

Lucimara aliangua kicheko, na Wanderley akatoka jikoni kuuliza wanamcheka nani.