Ng'ombe wa Ukuta wa Mashariki

Aliyechafua ukuta wa kanisa alipaswa kuzipaka chokaa kuta zote nne, peke yake, mchana, mbele ya watu. Kanuni hiyo waliiacha wamisionari, na sisi wazee wa kanisa, katika kijiji chetu karibu na Golbanti, hatukuibadilisha.

Mafuriko ya mwaka juzi yalipopungua, chokaa ya ukuta wa mashariki ilikuwa imebambuka. Chini yake ilitokea picha ya mkaa na udongo mwekundu: Yesu amesimama katika mtumbwi, anavusha ng'ombe mtoni. Vijana waliipiga picha kwa simu. Mchungaji akaniuliza mimi, mkongwe wao, kama naijua.

Niliijua. Mwaka 1964 kanisa hilo ndilo lililokuwa darasa letu. Picha ilipoonekana asubuhi moja, Mwalimu hakuuliza mengi. Sisi Wapokomo tulikuwa watoto wa wakulima. Ng'ombe ni wa Waorma, wafugaji, na Muorma darasani alikuwa mmoja tu, Diba. Alikana mara moja, kisha akanyamaza. Alipaka chokaa siku sita. Siku ya saba hakuja shuleni, wala hakurudi tena. Mimi niliendelea hadi chuo cha ualimu.

Nilimwomba mchungaji asubiri, nikapanda bodaboda hadi Garsen kumleta Diba. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya picha.

"Komora," alisema, "miaka sitini watu wanasema hii ni mkono yangu. Tazama miguu. Hii ng'ombe au mbuzi? Orma gani atachora aibu namna hii?"

Waumini walicheka. Mimi sikucheka.

"Ni mkono wangu," nilisema. "Uliadhibiwa mbele yangu, nikakaa kimya."

"Najua. Siku ile kucha yako ilikuwa nyeusi kwa mkaa. Nilingoja useme."

Jumapili iliyofuata nilijiuzulu uzee wa kanisa. Jumatatu nikaanza na ukuta wa kusini. Mchungaji alitaka kunipa wasaidizi, nilikataa. Diba alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye benchi, akinielekeza kwa fimbo mahali nilipopasahau.

Siku ya sita ilibaki picha peke yake. Waumini waliomba niiache, lakini kuta ni nne, na kanuni ni kanuni. Nilichovya brashi.

"Ngoja," Diba alisema.

Aliomba kipande cha mkaa. Akainama kwa shida, akaichora upya miguu yote minne, polepole, akarudi nyuma kuitazama. Kisha akaniambia nikaoshe brashi.