Chupa ya Baba Mkubwa Sapolu

Siku ile mpumbavu alikuwa Ropati, na mwenyewe hakatai. Mchokoze tu, atakuonyesha mpaka doa lililobaki kwenye mkeka.

Ilikuwa Jumapili, kanisa limekwisha, ukoo mzima umekaa garajini kwao Logan, Australia. Baba mkubwa Sapolu alikuwa ametoka kisiwa cha Savai'i, kule Samoa, kwa jambo moja: kuamua nani apewe jina la uchifu la ukoo. Ropati alilitaka jina hilo mpaka likamkosesha usingizi. Alikuwa hata ameshachorwa chale za Kisamoa mkono mzima.

Sapolu akaziangalia, akachekea puani. "Nyinyi mliozaliwa huku Australia ni Wasamoa wa fulana. Mkivuliwa, kwisha."

"Mimi ni Msamoa mpaka tumboni, baba mkubwa."

"Tumboni? Haya, karibu." Akamsukumia chupa ya soda aliyokuja nayo. Soda haikuwamo. Ulikuwamo utumbo wa majongoo bahari, rangi ya usaha, unaelea katika maji ya chumvi.

Watu huulamba kidogo tu, kwa ndimu, na kipande cha gimbi. Ropati, sifa zimeshampanda kichwani, akaikaba chupa shingo na kugugumia.

Ute ukateleza. Nyuzi zikamnasa menoni. Kitu kama kamasi baridi kikakaa kooni, hakipandi wala hakishuki, na uvundo wa ufuo uliooza ukamtokea puani. Akakaza macho, akameza. Tumbo likakataa. Vyote vikarudi, pamoja na wali wa kakao wa asubuhi, vikatua mbele ya magoti ya mzee.

"Puh!" Sapolu akavuta miguu. "Mmeona wenyewe? Tumbo limetoa ushahidi. Jina letu halikai kwa mtu anayetapika chakula cha babu zake."

"Baba mkubwa, mimi..."

"Nyamaza, ufute uchafu wako!"

Ropati akafuta, makamasi yakimchuruzika, akijichukia kuliko ile chupa.

Shangazi Sinapati akaweka pepeo chini. Na kwetu, dada akisema, kaka humsikiliza.

"Kaka, mama yetu alijinyea kitandani miaka mitatu. Aliyemwosha ni huyu, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na hakutapika hata mara moja. Wewe mwenye tumbo la Kisamoa ulipokuja kumwona, uliishia mlangoni, umeziba pua."