Ruhusa ya Mpiga Chapa

Saa nne asubuhi kompyuta ya masijala ilikuwa imepata moto kiasi kwamba tarishi aliweka kikombe chake cha chai juu yake kisipoe. Feni ilivuma. Mshale uliganda katikati ya kioo. Fundi alivuta kiti, akaweka simu mezani mahali atakapoiona, maana mama yake alikuwa amelazwa hospitali upande wa pili wa mji, na saa nane kamili alitakiwa kuingia chumba cha upasuaji, mwanawe akiwepo kuweka sahihi. Asipokuwepo, nafasi anapewa mgonjwa mwingine.

Mkuu wa ofisi hakumkatalia ruhusa, la. Alisema tu kwamba barua za ruhusa huchapwa na kompyuta ile na si nyingine, kwa hiyo aitengeneze kwanza. Na bila barua mlinzi hafungui geti. Ndio utaratibu, sasa mtu afanyeje?

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ile, haifichi mambo. Fundi alifungua dirisha jeusi, akaandika amri ya top, orodha ya programu zinazofanya kazi ikatokea. Ya kwanza ilikuwa imekamata prosesa, ubongo wa kompyuta, asilimia mia, na mwenye programu hiyo alikuwa mpiga chapa wa ofisi, aliyezikwa miezi mitatu iliyopita. Akaunti yake haikuwahi kufungwa kwa sababu fomu ya kufunga akaunti inataka sahihi ya mhusika.

Fundi aliiua programu kwa amri. Ikarudi kwenye orodha na namba mpya. Akaiua kwa amri kali zaidi, ikarudi. Mara ya tatu mpiga chapa akakohoa. Alikuwa amekaa kiti cha pembeni, sweta mabegani, vidole vikikimbia juu ya meza tupu.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Ungeniacha nimalize, mwanangu. Kila ukinikata naanza upya."

"Unaandika nini?"

"Ruhusa. Siku mbili tu, nikaonane na daktari wa kifua."

Programu yenyewe haikuwa na ubaya. Inapeleka ombi kwa mkuu. Lisipojibiwa, inapeleka jingine. Maombi yalikuwa yamefika laki tisa. Fundi aliangalia saa, akaenda mbio ofisini kwa mkuu.

"Bosi, mjibu mpiga chapa. Ndiyo au hapana, vyovyote, kompyuta itatulia."

"Yule si amekufa? Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lakini yupo, bosi. Amekaa pale."

Mkuu alichungulia mlangoni, akamwona, wakapungiana mikono. "Haya, kama yupo, basi yuko kazini," alisema. "Ruhusa ya nini tena?"

Fundi aliangalia saa tena. Ilikuwa saa sita na nusu. Alirudi akafanya kitu ambacho asingependa mama yake ajue: aliipunguzia kipaumbele programu ya yule mama wa watu, iwe inafanya kazi pale tu ambapo wengine wote hawana haja. Vidole vya mpiga chapa vikapunguza mwendo. Herufi moja, kimya kirefu, herufi nyingine. Feni ikatulia.

"Afadhali," mpiga chapa alisema. "Vilikuwa vinauma."

Aibu ilimshika fundi, lakini hakubadilisha kitu. Mkuki kwa nguruwe.

Mkuu alikuja, akagusa kompyuta kwa kiganja, akaikuta imepoa. Alifurahi kweli. "Hongera, fundi. Sasa andika ombi lako ulitume, nitaliona. Ila usiende mbali, maana ikianza tena nani ataituliza?" Akafungia muhuri wa barua za ruhusa kwenye droo, akaenda kula.

Fundi alituma ombi. Halikujibiwa. Akatuma la pili, la tatu, la kumi. Saa nane na dakika tano simu ilitetemeka, na muuguzi, kwa sauti ya upole, alimwambia mama yake ametolewa kwenye orodha ya leo, atapangiwa siku nyingine ikipatikana.

Fundi alisema asante. Alifuta machozi kwa mkono wa shati, akaanza ombi la kumi na moja. Mpiga chapa alisogeza kiti karibu, akasoma kwenye kioo.

"Tarehe iache wazi, mwanangu," alimwambia.