Benchi Lililochipua

Ijumaa saa kumi na mbili jioni ilikuwa zamu ya wanawake, na Tuulikki alishuka kwenye sauna, bafu la mvuke la chini ya jengo, akiwa na taulo na shampuu yake ya dawa, ya lami ya msonobari. Usiku alikuwa amelainisha utosi kwa mafuta, asubuhi akayachana magamba taratibu, kama daktari wa mji wa Kajaani alivyomwelekeza. Soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, ilikuwa imeanza kumwachia. Joto likamwasha, akajikuna, magamba mawili matatu yakadondoka benchini.

Ijumaa iliyofuata benchi lilikuwa limechipua hapo alipokaa: msonobari mbichi, wa kimo cha kidole. Wanawake waliutazama, kisha wakamtazama kichwa.

"Huu mti unadunga," alisema Hilkka wa ghorofa ya pili, akisogeza taulo lake. "Mwenzetu, una hakika hicho cha kichwani hakiambukizi?"

"Hakiambukizi. Daktari kasema."

"Daktari hakai benchi hili."

Tangu hapo kila kitasa alichoshika kilifutwa. Haukupita muda, Reino, mwenyekiti wa jengo, akamweleza kwenye ngazi kwamba wenzake wangestarehe zaidi kama angeogea kwake. Ilimuuma sana. Tangu mumewe afariki, pale benchini ndipo mahali pekee alipozungumza na watu.

Aliacha kwenda. Msonobari ulifika dari, ukaanza kukauka. Kufikia hapo wanawake walikuwa wameuzoea. Walisema mvuke haujawahi kuwa mwororo hivyo.

Reino akaja kubisha hodi, chupa tupu ya jemu mkononi. Alikaribishwa kahawa, akasema ameshakunywa. Huku Ufini, mtu akikataa kahawa, ujue ana lake jambo.

"Akina Hilkka wanaomba," alisema, bila kuvuka kizingiti. "Ukichana kichwa, magamba weka humu, ya kuulisha mti. Uiache tu hapa mlangoni."

"Na zamu yangu?"

"Usijisumbue kushuka, mama." Akamkagua nywele. "Naona umeponapona. Hiyo dawa nayo, usiitie sana."

Tuulikki aliichukua chupa. Aliiacha shampuu kabatini wiki nzima, akachana, akajaza, akaiweka mlangoni, kwa sababu alidhani watamwita.

Msonobari ukarudia ukijani wake. Ijumaa Tuulikki huwasikia kupitia bomba la bafuni, maji yakichemka juu ya mawe ya moto ya sauna na Hilkka akicheka. Mahali pake hapajakaliwa na mtu. Wanasema mti unahitaji nafasi.