Wifi Ananichosha

Mpango wa mwanzo ulikuwa wa watu watatu. Mwalimu, Keki na Mapokezi walikuwa marafiki tangu shuleni, na kila mmoja alikuwa amebanwa na kazi mpaka sura imembadilika. Mwalimu alifundisha Kiswahili kwa wanafunzi wasiotaka kufundishwa. Keki alioka keki za watu jikoni kwake na hakukumbuka mara ya mwisho kula akiwa ameketi. Mapokezi alifanya kazi kwenye kliniki ya meno, nyuma ya kioo chenye tundu, akiwatabasamia watu waliovimba mashavu. Jina walimpa wenzake, likamkaa, maana akiwa kazini hakuna aliyejua kumpokea mtu kama yeye.

Walitaka bahari, boti na kulala mchana. Walitaka pia kuwaona pomboo, ambao Keki alikuwa akiwafinyanga kwa sukari juu ya keki za watoto bila kuwahi kumtia machoni hata mmoja aliye hai.

Ndipo mama yake Mapokezi akaingilia. Kaka yake Mapokezi alikuwa amefariki mwaka uliopita, akaacha mke na binti mdogo. Mke huyo, wifi yake Mapokezi, aliendelea kuishi kwa mama mkwe, kwenye chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama kamba ya nguo. Sasa wazazi wake walikuwa wamemwita arudi kwao, mbali, yeye na mtoto. Hakuwa amewajibu. Na mama, ambaye kila asubuhi alimpakata mjukuu wake akimchana nywele, usingizi ulikuwa umemruka.

"Nenda na wifi yako," mama alisema huku akimenya viazi. "Mtoto nitabaki naye. Mkiwa huko, kaa naye umwambie hapa ni kwake. Mimi nikimwambia ataona namwonea huruma tu. Wewe rika lake, atakusikia."

"Mama, ile safari ni ya marafiki."

"Kwani wifi ni adui?"

Swali la namna hiyo halina jibu, na akina mama wanalijua. Wakawa wanne.

Tuseme ukweli, wifi hakuwa na ubaya wowote, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu mbaya unamkasirikia ukamaliza. Huyu aliamka kabla ya wote akaosha vikombe vya nyumba ya wageni, vikombe ambavyo vilikuwa na mwoshaji wake. Kila palipokuwa na maji au utelezi alimshika Mapokezi mkono. Na kila alichokiona alikitazama, akatabasamu, akasema, "Marehemu angeipenda hii." Bembea ya kamba, marehemu angeipenda. Kaa mwekundu anayetembea kiubavu, marehemu angecheka sana.

Mapokezi alikuwa amekuja huko ili kwa siku chache tu asimkumbuke kaka yake. Alimpenda kuliko alivyompenda mtu yeyote, na kila akitajwa alitamani kuondoka. Lakini hilo hakumwambia mtu. Maneno aliyokuwa nayo tayari mdomoni yalikuwa mengine, mepesi zaidi: wifi anachosha.

Ile kazi aliyotumwa na mama akaiahirisha. Atamwambia baada ya chai. Basi baada ya kuogelea. Basi kesho, botini, mahali pazuri.

Boti ilikuwa ya injini, ndefu, yenye turubai la kuzuia jua na mabenchi pande mbili. Nahodha alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, asiyependa maneno mengi. Aliwagawia maboya ya kuvaa, akakagua mikanda ya kila mmoja, akaiondoa boti. Bahari ilikuwa shwari. Ndege weupe waliwafuata kwa nyuma, wakidhani wana samaki. Keki alikuwa na furaha mpaka akawa anawapungia mkono.

Wifi alikaa nyuma karibu na nahodha, maana alikuwa ameambiwa huko boti hairuki sana. Hao watatu walikaa mbele. Injini ilinguruma kiasi kwamba ili mwenzako akusikie ilibidi upaze sauti, na ukipaza sauti ndani ya ngurumo unajiona uko faragha.

"Mbona umenuna?" Keki alimuuliza Mapokezi.

"Sijanuna."

"Uso umeukunja kama umekuja kung'olewa jino. Sema."

Mapokezi akasema. Alisema kuhusu vikombe, kuhusu kushikwashikwa mkono, kuhusu marehemu hivi na marehemu vile. Wenzake walicheka, na kicheko cha marafiki kina ubaya wake, kinamfanya mtu aongeze chumvi. Akaongeza. Akavuta pumzi, akapaza sauti ili ngurumo isimshinde.

Wakati huohuo nahodha aliona mapezi mbele, upande wa kulia, akafanya anachofanya siku zote anapoona pomboo. Alizima injini.

"Wifi ananichosha, jamani, bora ningemwacha nyumbani."

Sauti ilitoka kubwa, safi, kwenye bahari iliyonyamaza kabisa. Hata nahodha aligeuza shingo. Kilichosikika baada ya hapo ni maji yakigonga ubavu wa boti, halafu pomboo wa kwanza akatoa pumzi.

Mapokezi alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Hakuthubutu kutazama nyuma. Mdomo wake, ambao miaka yote kazini ulikuwa umezoea kutafuta neno la kumtuliza mgonjwa, ukatafuta, ukapata, ukasema kabla yeye hajaupa ruhusa.

"Wifi ya pale tulipofikia," alisema kwa sauti ya juu. "Ya simu. Haishiki kabisa."

Mwalimu aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Keki alijifanya anatafuta kamera ambayo ilikuwa shingoni mwake.

Kisha wifi, kule nyuma, akajibu kwa sauti yake ya kawaida.

"Kweli, ilinisumbua hata mimi jana."

Ilinisumbua. Alisema hivyo, akitamka vizuri kila silabi, halafu akageukia bahari. Pomboo walikuwa kundi zima. Walipita chini ya boti wakatokea upande wa pili, migongo inang'aa, mmoja akaruka akageuka ubavu kana kwamba anataka kuona waliomo ndani ni watu gani. Keki alisogea nyuma kuwafuata, akilia machozi ya furaha. Wifi alimshika mkono Keki, akamwonyesha mtoto wa pomboo aliyekuwa akiogelea amembana mama yake. Alicheka. Lakini hakusema kwamba marehemu angewapenda.

Hakusema hivyo tena siku nzima. Walishuka kwenye kisiwa kidogo cha mchanga mtupu, wakala tikitimaji na mikate. Wifi ndiye aliyekata tikitimaji, na kipande cha kwanza, cha katikati kisicho na mbegu, alimpa Mapokezi. Walivaa miwani ya maji wakamtazama kasa mkubwa akila majani ya baharini bila haraka. Wifi aliingia majini akiwa ameshika kamba ya nahodha. Mapokezi alikuwa amesimama kando yake na mkono ameunyoosha kabisa. Mkono ule haukushikwa.

Basi Mapokezi akaanza kuhudumia. Alimpaka wifi mafuta ya jua mgongoni bila kuombwa. Alimbebea ndara. Alicheka kila wifi alipofungua mdomo, hata pale alipouliza tu saa. Alijiona anavyofanya, na alijichukia, lakini aliendelea, maana kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

Alasiri, wamesharudi nyumba ya wageni na wifi amekwenda kuoga, Mwalimu alimfuata Mapokezi barazani.

"Ungesema 'inanichosha' tungekuunga mkono," alisema kwa sauti ya chini. "Umesema 'ananichosha'. Halafu 'ningemwacha'. Intaneti unamwacha nyumbani?"

"Labda hakutilia maanani."

"Kila mtu anatilia maanani, hata wanafunzi wangu. Yule amekufichia aibu yako mbele yetu. Nenda ukamwombe radhi."

Alikwenda. Wifi alikuwa ameshaoga, ameketi ukingoni mwa kitanda anakunja nguo zake zilizokauka, nadhifu, mkono juu ya mkono. Mapokezi alisimama mlangoni. Alikuwa amepanga kusema samahani. Lakini samahani ingekiri kwamba kile cha botini kilikuwa kile kweli, na yeye bado alikuwa na tumaini dogo la kipumbavu kwamba uongo wake umepita. Akachagua kutimiza alilotumwa.

"Wifi," alisema, "nilitaka kukwambia kitu. Hapa, yaani pale nyumbani, ni kwako. Tunataka ubaki. Wewe na mtoto."

Wifi aliweka blauzi juu ya nyingine, akaipiga pasi kwa kiganja.

"Mama amekutuma?"

Mapokezi angeweza kukana. Alikuwa ameshadanganya mara moja siku hiyo na hakuwa na nguvu ya mara ya pili.

"Ndiyo."

"Mama ni mtu mzuri," wifi alisema. "Nimeyasikia maneno yake. Na yako nimeyasikia." Hakusema kwa hasira. Alisogeza mkoba, akampa Mapokezi nafasi ya kukaa, na Mapokezi hakukaa.

Waliporudi nyumbani, mtoto aliwakimbilia mlangoni akiwa amesukwa mabutu mapya. Wifi alimbeba, akaingia naye chumba cha nyuma, na haikuchukua muda akatoka kumwambia mama mkwe kwamba amewajibu wazazi wake. Ataondoka na mtoto wiki hiyo hiyo.

Mama alikaa chini. Alimtazama Mapokezi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia vizuri?"

Aliyejibu alikuwa wifi.

"Aliniambia vizuri, mama. Ni mimi tu nimewakumbuka wazazi."

Mama alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaushika mkono wa binti yake kwa mikono yake yote miwili. "Basi, mwanangu. Umefanya uliloweza. Umemstarehesha mwenzio, Mungu atakulipa." Jioni aliwapigia simu dada zake mmoja mmoja akawasimulia jinsi binti yake alivyompeleka wifi yake baharini, wakaona pomboo na kasa, na kila mama mkubwa na kila mama mdogo akaomba apewe Mapokezi ampongeze. Alipokea simu zote. Alisema asante kila mara.

Siku ya kuondoka Mapokezi alibeba sanduku la wifi yeye mwenyewe, akashuka nalo ngazi. Njiani, kwenye kona ambapo mama hawezi kusikia, alisimama.

"Wifi, nisamehe."

"Nilikusamehe palepale botini."

"Basi baki. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa siwezi kusikia akitajwa. Kila ukimtaja naumia. Si wewe."

Wifi alimtazama kwa muda, na macho yakamlowa. Ilikuwa mara ya kwanza hao wawili kuzungumza juu ya mtu waliyemzika pamoja.

"Ungeniambia hivyo kule," alisema, "ningelia na wewe, na tungerudi wote. Sasa nikibaki, kila nikifungua mdomo nitajiuliza kama nimeshachosha. Siwezi kumlea mtoto nikiwa hivyo."

Gari lilikuwa limefika. Dereva alipokea sanduku akalipanga nyuma. Mtoto aliruka kwenye kiti cha dirishani, akampungia bibi yake aliyekuwa amesimama juu ya ngazi akijaribu kutabasamu. Wifi alifunga mlango, akashusha kioo.

"Asante kwa kutusindikiza, shangazi," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Shangazi alikuwa wa mtoto; yeye siku zote alimwita wifi. Mapokezi akaitikia.