Kilo za Gernot

Gernot Pichlbauer alikuwa bingwa wa injini zisizokuwepo. Miaka nenda miaka rudi alikaa ofisini katika mji wa Graz mbele ya kompyuta, akichoma petroli ya hesabu ndani ya silinda za hesabu, akibadilisha umbo la pistoni hapa, akiwahisha cheche ya plagi pale, mpaka programu imwambie kwamba injini inakula kidogo na kuvuta sana. Kisha kazi ilitumwa ng'ambo, na wengine ndio wakaunda chuma. Yeye hakuwahi kuchafuliwa na injini yake hata moja. Mikono ilibaki safi, na tumbo likanawiri kwa raha zake.

Baba yake, mzee Alois, fundi pikipiki mstaafu, alikuwa na swali lilelile kila chakula cha Jumapili kule kijijini.

“Hebu niambie, injinia. Katika hizo injini zako, ipo hata moja niliyowahi kuisikia ikilia?”

“Zimo kwenye magari, baba.”

“Magari ya nani? Yako wapi?”

Gernot hakujua. Swali lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri, na kila mara alilimeza pamoja na viazi, halafu akaongeza viazi.

Basi mzee alipotangaza kwamba magoti yamemshinda na kwamba pikipiki yake ya kijani, ile ndogo yenye pedali kama za baiskeli, inakwenda makumbusho ya mjini, Gernot alidakia.

“Nipe mimi!”

“Uiegeshe ofisini ipigwe picha? Sikiliza. Sikukuu ya kikosi cha zimamoto cha kijiji inakuja. Mtu wa nyumba hii akiifikisha juu ya Kogel bila kukanyaga pedali, inabaki. Asipoifikisha, Jumatatu wanaibeba.”

Pale kijijini, kuisaidia injini kwa kukanyaga pedali kwenye mlima wa Kogel ni aibu ya mwaka mzima. Anayekanyaga huvishwa aproni ya maua na kuwagawia watu madonge ya viazi mpaka sufuria ikauke.

Gernot hakuona tatizo. Aliipima ile injini kila tundu, akaiingiza yote kwenye programu, na mlima pia, kona kwa kona. Akajaribu pistoni kadhaa za kwenye skrini, akachagua moja, akaagiza ya chuma. Matundu ya silinda aliyapiga tupa kwa mikono yake mwenyewe. Grisi ilipomrukia kwenye shati hakuifua. Alikwenda kununua mkate na shati hilohilo, akakaa kwenye foleni ubavuubavu ili doa lionekane.

Siku ya sikukuu alikuja na kompyuta, akaiweka mezani katikati ya vikombe vya bia. Kwenye skrini, mstari wa kijani wa safari ya pikipiki ulipanda mpaka kileleni bila kuyumba.

“Mnaona? Inafika, na nguvu inabaki,” aliwaambia watu ambao hawakuwa wamemuuliza.

Akaondoka. Kona ya kwanza injini iliimba, ya pili pia, naye akajiona kidume. Kwenye kona ya kanisa dogo sauti ikaanza kushuka. Gernot akainama, akabana tumbo, akazuia hata pumzi, kana kwamba pumzi ina kilo. Wapi! Pikipiki ilikuwa inakufa. Ndipo mguu wake, mguu wa mtu mwenye shahada ya uzamivu, ukatafuta pedali na kuikanyaga.

Aproni haikumtosha, ikabidi ifungwe nyuma kwa kamba.

Mama yake, Hedwig, mwanamke mwenye umbo dogo, mkavu, aliyekuwa akichanganya saladi na mafuta ya mbegu za maboga, alimsogelea.

“Mwanangu, hiyo kompyuta ilijua kwamba wewe ndiye utakayepanda?”

“Ilijua, mama. Niliiandikia uzito wa dereva.”

“Uliandika ngapi?”

“Themanini.”



“Themanini ulikuwa nazo siku ya harusi yako,” mzee Alois akasema. “Na suti ilikuwa inalia.”

Watu wakavunjika mbavu. Gernot angeweza kuapa kwamba hakukusudia kudanganya. Aliulizwa uzito, na mkono ukaandika wenyewe, kama mtu anavyoandika jina lake. Akafuta, akaandika mia na kumi na mbili. Mstari ukapanda, ukalegea, ukakatika kwenye kona ya kanisa, palepale alipotia mguu.

“Nilikuwa sahihi!” akapiga kelele, akirukaruka na aproni yake mpaka vikombe vikatikisika. “Imefia palepale! Programu haina kosa!”

“Haina,” mzee akakubali. “Jumatatu wanakuja.”

Furaha ikamwisha. Akaiangalia pikipiki, injini pekee maishani aliyoigusa, akataka kulia hadharani.

Hedwig alifuta mikono. “Futa hizo kilo zako. Weka hamsini na mbili.”

Mstari ukafika kileleni.

“Wee Hedwig, kwa umri huo?” mzee akashtuka.

“Humo kwenye kompyuta hawaulizi umri, wanauliza kilo. Nawe ulisema mtu wa nyumba hii. Mimi ni wa nyumba gani? Ujana wangu wote nimekaa nyuma ya hiyo pikipiki nikitazama mgongo wako. Lete helmeti.”

Alipotokomea nyuma ya miti, kijiji kizima kilibaki kusikiliza. Injini ilipita kona ya kwanza, ikapita ya pili. Ilipokaribia kanisa, mzee Alois alifumba macho na kunyoosha mkono, watu wanyamaze. Sauti ilishuka kidogo, ikajishika, ikaendelea kupanda.

“Haikohoi,” mzee akanong'ona.

“Haikohoi, baba.”

“Hiyo ndiyo yako?”

Gernot, sinia la madonge mikononi, alitaka kumweleza habari za pistoni, matundu, mchanganyiko wa hewa na petroli. Akayaacha hayo yote.

“Ndiyo, baba. Ni yangu.”

Mzee hakufumbua macho mpaka kengele ya kileleni, ambayo hugongwa na anayefika, ilipolia. Akajipangusa uso kwa kiganja, akachukua donge moja kwenye sinia.

“Pikipiki sasa ni ya mama yako. Mwombe akuazime,” akasema. “Na hilo donge ulilolificha kwenye mfuko wa aproni, lirudishe.”