Simu Aliyoiacha Ilie

Kazi ya Kasoki ilikuwa kuusemea ushirika wa mbegu pale Kashebere. Kusema mazuri, kwa kifupi. Mabaya yalikuwa na mwenyewe, mkurugenzi Papa Mbusa, aliyekaa mbali mjini na kuyafunika.

Alitoka Butembo, hakuwa na ndugu pale, na jioni zake zilikuwa ndefu. Zamani mtu mmoja alizifupisha: Élie, mwandishi wa habari wa redio ya kilimani, aliyezoea kumpigia kutafuta habari na kubaki kwenye simu wakipiga soga. Kisha msimu mmoja mbegu za ushirika zikakataa kuota. Élie akapiga kuuliza kulikoni. Papa Mbusa alikwisha agiza: usipokee. Kasoki akaiweka simu mezani, akaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Redio ikatangaza kwamba ushirika haukujibu, na tangu hapo Élie hakumpigia tena. Kasoki aliendelea kumtumia communiqué, taarifa za sherehe na shukrani, kana kwamba mwandishi ni bomba la maji, unalifungua ukiwa na kiu wewe tu. Hakujibiwa hata moja. Upweke ule alijitakia mwenyewe, na alilijua hilo.

Asubuhi moja alimkuta Mama Claudette, mwenye nyumba wake, anaosha maharagwe kwenye beseni. Maji yalikuwa mekundu. Zilikuwa mbegu mpya za ushirika, zimepakwa dawa ya kuua wadudu.

"Mama, hii si ya kula. Iko na dawa."

"Iko rangi tu. Nitasukula mara mbili, itatoka," alisema Mama Claudette. "Na kama iko dawa, juu ya nini hamukutuambia?"

Mbegu zilikwisha gawiwa vijiji vyote vya jirani, na huko nako njaa ilikuwa ileile iliyomtuma Mama Claudette kwenye beseni. Kasoki alimwachia unga wake wa muhogo, akamsihi asizipike, kisha akampigia Papa Mbusa.

"Ukitaja dawa, watu watasema tumewapa sumu," alisema mkurugenzi. "Andika communiqué ya kushukuru wakulima. Ingine tutaona kisha."

Akampigia Élie. Simu ikalia, ikalia, ikakatika. Sasa alijua inavyouma. Akavaa viatu, akapanda kilima.

Élie alikuwa peke yake mlangoni pa redio, anafunga waya. Hakumkaribisha kiti.

"Umeleta communiqué?"

"Hapana. Nimeleta mudomo yangu."

Akamweleza habari ya beseni. Élie aliacha waya.

"Ile siku nilikuita, dada, haikuwa juu ya kukuharibia. Nilitaka jibu tu."

"Ninajua. Niliona unaita, nikaacha."

Hakutafuta kisingizio, na Élie hakumwomba. Aliwasha kinasa sauti.

"Muliambia watu kama hii mbegu iko na dawa?"

Kasoki alikuwa na maneno ya kukwepea, ameyatumia miaka: tunafuatilia, tutawajulisha.

"Hapana," alisema. "Tuligawa bila kueleza. Kosa iko yetu. Musikule ile mbegu, hata mukisukula. Mwenye amekwisha kula aende ku hôpitali leo."

Akataja jina lake, lote.

Aliposhuka aliikuta sauti yake imemtangulia kwenye redio za madukani. Wanawake wawili walikuwa wakifukia maharagwe nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemsalimu. Papa Mbusa alimpigia kumwambia asirudi ofisini. Maji yalikwisha mwagika. Nyumbani, beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, tupu, maharagwe yamekwisha fukiwa, na Mama Claudette aliingia ndani alipomwona. Watu walikuwa na hasira, na wa ushirika aliyekuwa karibu ni yeye peke yake. Kasoki alilia kidogo, akanawa uso.

Simu ikaita. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Watu wanauliza mengi," alisema Élie. "Niko na maswali ingine, na hautaipenda."

"Mimi si wa ushirika tena, kaka."

"Ninajua. Njo maana nakuita weye."

Kasoki alivuta kiti hadi dirishani, pale mtandao unaposhika vizuri, akakaa.

"Uliza," alisema.